Wakoro Wamekataa Tena

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo mchungaji akiwa anakaribia kumaliza, naye akaendelea kuhubiri kwa kuwa alijua hakuna atakayethubutu kutoka. Nimerudi nyumbani hapa Kalundu, bandari ya Uvira, nimelowa hadi soksi. Nimeamua kuandika shajara hii mpaka mvua za mwaka zitulie, maana msimu huu nina mambo mawili makubwa.

La kwanza ni mchezo wangu. Mchana natoa fotokopi na kuchapa barua za watu kwenye kibanda kando ya barabara ya bandari. Wateja wakipungua, natengeneza mchezo wa kompyuta. Unaanza na sayari moja, unajenga meli za angani, unatafuta sayari nyingine, na huko unakutana na mataifa yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe. Nimeyapa majina: Wakoro, Waselu na Wadimba. Kupigana wanajua. Kuzungumza ndiko kunakowashinda. Diplomasia yao ni ya walevi.

La pili ni Generose, mwalimu wa shule ya msingi kule Luberizi, ambaye amekubali tuoane. Imebaki kwao wakubali. Mwezi ujao watu wetu watakwenda kumposa.

Kati ya haya mawili, la mchezo ndilo linaloninyima raha. La Generose naliona limekwisha.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua. Umeme hakuna. Watu wamejaa kibandani, wote wamekuja kujikinga, hakuna mwenye karatasi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mdogo wangu Délice, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, ndiye mjaribu wangu mkuu. Namtumia yeye kwa sababu hana huruma.

Leo aliwapelekea Wakoro zawadi ya chakula. Wakashukuru, wakafunga naye urafiki, na zamu iliyofuata wakamvamia. Alipoomba amani, wakataka awape sayari yake kuu, ile aliyozaliwa nayo, ili wao wampe shehena moja ya madini. Alipokataa wakamwita mchokozi. Alinigeukia kama mimi ndiye niliyemvamia.

"Yaya, hawa ni bajirani ya namna gani?" aliniuliza, maana kaka mkubwa kwetu ni yaya.

Nikamweleza walivyoundwa. Kila taifa lina kipimo cha imani juu yako. Ukitoa zawadi kinapanda, ukivunja ahadi au ukijenga karibu na mpaka wao kinashuka. Ila pembeni kuna kipimo kingine, cha nguvu: wakiona meli zako ni chache, urafiki wote wanausahau. Na kuna kanuni moja ninayoipenda kwa wepesi wake. Upande mmoja ukisema hapana, mazungumzo yanafungwa na meli zinaelekea mpakani. Hiyo niliiandika kwa mistari michache na haijawahi kunisumbua.

Délice alisema ni mchezo mzuri kwa mtu asiye na ndugu.

Jumapili, 22 Oktoba

Generose ameshuka Uvira kumwona shangazi yake, akapita kibandani. Nilimkalisha mbele ya mashine kwa majivuno yote, nikamwekea Wakoro. Aliwaomba njia ya kupitisha meli zake. Wakakataa. Akabonyeza tena kuzungumza nao, ikamtokea kwamba mazungumzo yamefungwa.

"Sasa minye nitasema nabo wapi?" akauliza.

Nikamwambia yeye hawezi tena kusema nao, wamekataa. Akacheka hadi akashika meza. Alisema watu wangu hawana haya, na zaidi ya hapo hawana adabu ya kukataa.

"Kwetu muntu anakukatalia, kisha anakuletea kiti," akasema. "Kukatala njo mwanzo ya masemi, Rémy."

Nilimwambia kukataa kuwa mwanzo wa mazungumzo ni mambo ya walimu. Alipoondoka nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki na nikarudi kurekebisha rangi ya meli. Rangi imependeza sana.

Ijumaa, 3 Novemba

Kikao cha ukoo. Tangu baba afariki, anayesimama mahali pake ni Baba Mdogo Eugène, msimamizi wa upakuaji bandarini na shemasi kanisani. Ni mtu mwema, na neno lake ni moja. Akisema gunia halishuki, halishuki. Akikuambia karibu, usipoingia anakasirika. Ndiyo yake ni ndiyo, hapana yake ni hapana, na anadhani dunia nzima iko hivyo.

Kwa kuwa ukwe wetu ni wa uwanda wa Ruzizi na wao wana namna zao, tumemwomba Mzee Jean-Berchmans, katekista wa Mutarule, awe msemaji wetu. Anajua Kirundi, anajua mila zao, na ana sauti ya kuita watu bila kengele. Baba Mdogo atakaa tu kama mkubwa wa msafara. Amefurahi. Alisema kusema sana si kazi yake.

Jumatano, 8 Novemba

Suti imerudi kutoka kwa fundi, mikono imekuwa mifupi. Délice anasema nisinyooshe mkono kumsalimu mtu yeyote.

Jumapili, 12 Novemba

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika yote, hata yale ya aibu.

Tuliondoka asubuhi tukiwa na gari moja, makasha ya soda, kapu la samaki, mikeke waliokaangwa vizuri, na kina mama wawili wa kanisa. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha na barabara ilikuwa matope matupu. Tulifika Luberizi, tukamkuta Mzee Jean-Berchmans anatungoja njiani, amevaa vizuri, shingoni amejifunga skafu ya sufu. Tukamsalimu. Akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Alikuwa ameimbisha watu mazishini siku mbili kwenye mvua na sauti yote imemwishia. Alichobaki nacho ni mikono.

Kina mama walitaka tuahirishe. Baba Mdogo alikataa. Alisema tumeahidi siku hii na tumekuja siku hii, yeye atasema, na Mzee akae karibu yake.

Kwao Generose walitupokea vizuri mno. Hema, viti vyenye vitambaa vyeupe, watu wengi. Baba yake amekaa nyuma, kimya, na mbele yupo Claude, mdogo wake baba huyo, ambaye ndiye msemaji wao. Generose mwenyewe yuko ndani, amevalishwa, anangoja kuitwa. Mimi sikuruhusiwa kusema neno, bwana arusi huwa ni kama mzigo, analetwa tu.

Baba Mdogo akasimama. Akasema sisi ni watu wa Kalundu, tumekuja kumwomba binti yenu Generose kwa kijana wetu Rémy. Akakaa. Kwa kweli sijawahi kusikia posa fupi namna hiyo.

Claude akainuka taratibu. Akatushukuru kwa safari, akatupa pole ya matope, halafu uso wake ukawa mzito. Akasema tumechelewa. Huyo Generose hayupo. Walishampa watu wengine, watu wa heshima waliofika mapema, na jambo hilo limefungwa.

Nilimtazama baba yake, naye anatazama paa la hema. Nilitazama watu wao, wote wametulia kama kanisani. Baba Mdogo aliuliza mara moja tu kama hilo ni neno la hakika. Claude akaapa ni la hakika kabisa, akakunja mikono akingoja.

Hapo Mzee Jean-Berchmans akaanza kumvuta Baba Mdogo koti. Anavuta, anatikisa kichwa, anaonyesha chini kwa kidole, anafungua mdomo kama samaki aliyetolewa majini. Baba Mdogo akaelewa kwamba Mzee naye ameudhika na anataka twende. Akasimama.

"Tunashukuru," akasema. "Hatukuyua kama muntu alishaolewa. Hatuwezi kuomba bibi ya muntu. Mubakie na amani."

Akaamuru tubebe vitu. Na sisi, Mungu atusamehe, tukabeba. Kina mama wakainua kapu la mikeke. Mimi nilibeba kasha la soda kwa mikono yangu, katika suti ile fupi. Hakuna aliyetuzuia kwa sababu hakuna aliyeamini anachokiona. Claude alibaki amekunja mikono, mdomo wazi.

Tulikuwa tumeshapita soko ndipo Mzee Jean-Berchmans, kwa kumnong'oneza dereva sikioni, akafanikiwa kulisimamisha gari. Kisha akatunong'oneza mmoja mmoja. Kwao familia nzuri haitoi binti kwa ombi la kwanza. Msemaji wao lazima akatae, aseme hayupo, ameolewa, amepotea, na msemaji wa wageni ajibu kwa maneno mazuri hadi watu wacheke. Kadiri wanavyokataa ndivyo wanavyoonyesha binti ana thamani. Maneno ya Claude yalikuwa mlango, nasi tuliyafanya ukuta.

Baba Mdogo alisikiliza yote. Kisha akauliza, kwa hiyo yule mtu aliapa uongo mbele ya watu? Mzee akafumba macho.

Nikataka turudi hapo hapo. Mzee akakataa. Aliyeondoka na kapu lake harudi siku ile ile, lazima kwanza neno litangulie. Tulirudi Kalundu na kapu letu. Mikeke tumekula leo. Siku nyingine ningesema walikuwa watamu.

Jumatano, 15 Novemba

Simu ya Generose imefungwa. Mvua.

Ijumaa, 17 Novemba

Ameandika ujumbe. Naunakili ulivyo: "Minye nilikuwa ndani nimevaa. Nilikuwa nangoja baniite. Nikasikia gari inawaka."

Nimeusoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Nampenda huyu mtu na nimemwacha amevaa ndani ya chumba, mimi niko nje nabeba soda.

Jumamosi, 18 Novemba

Mzee Jean-Berchmans, ambaye sauti imeanza kumrudia kama redio mbovu, alikwenda kutuombea radhi. Baba yake Generose alimpokea vizuri, akampa chakula, na akampa jibu la kuniletea: watu wasiojua kumwomba mtu hawatajua kumtunza. Siku ya kurudi hakutaja.

Jioni niliketi mbele ya mashine bila hamu. Délice akacheza pembeni yangu. Aliomba njia kwa Wakoro, wakakataa, mazungumzo yakafungwa, meli zao zikageuka kwenda mpakani. Nilitazama zile meli zinavyogeuka, kwa utulivu, kwa adabu kabisa, na nikamwona Baba Mdogo Eugène anainua makasha.

Niliandika taifa zima la mashemasi wa bandari. Nilipokaa chini ya lile hema nikabeba kasha langu, nami nilikuwa Mkoro. Na mwalimu aliniambia yote hapo hapo kwenye kiti hicho.

Jumapili, 19 Novemba

Nimeifuta ile kanuni. Sasa hapana ya Wakoro ina ngazi. Hapana ya kwanza haishushi imani hata kidogo, wanaitoa ili kuona kama utabaki. Ukiondoka, hapo ndipo imani inaporomoka. Ukibaki ukajibu vizuri, inapanda, lakini wanakataa tena. Meli zao haziendi mpakani. Moja inabaki imewasha taa, na hicho ndicho kiti alichosema Generose.

Kazi iliyobaki ni maneno. Nimempigia Mzee Jean-Berchmans anisomee namna zote za kukataa anazozijua. Alicheka hadi sauti ikakatika tena.

Jumatano, 22 Novemba

Baba Mdogo amekuja kibandani. Alizungukazunguka penye karatasi, akauliza bei ya wino, akauliza habari za umeme. Mwishoni akasema hajalala vizuri tangu siku ile, na kama kuna kitu anaweza kufanya nimwambie. Sijawahi kumwona hivi. Nilikuwa na hasira naye wiki nzima na ikaniishia pale pale.

Nikamkalisha mbele ya Wakoro. Nilimsomea: anaomba binti wa mfalme wao kwa kijana wake. Niliubadilisha mchezo kidogo, nakiri. Wakoro wakajibu kwamba binti huyo alikwenda kuchota maji kwenye nyota nyingine na hajulikani atarudi lini. Baba Mdogo akasoma, akatikisa kichwa, akainuka.

"Haiko," akasema. "Basi."

Délice, aliyekuwa anabandika picha za pasipoti, hakuinua hata macho. "Baba Mudogo, ukiomba Mungu mara ya kwanza akanyamaza, unabeba makasha ya soda unarudia kwako?"

Nilidhani Baba Mdogo atampiga kofi. Alisimama, akamtazama, akaitazama mashine. Akakaa tena.

Alhamisi, 30 Novemba

Wakoro wamekataa tena. Baba Mdogo anakuja kila siku baada ya meli kupakuliwa. Kila jibu analitamka kwanza kwa sauti, mimi nalichapa, na mchezo unalipima kwa maneno ya heshima na ya utani niliyoufundisha. Jana aliwaambia Wakoro kwamba kama binti hayupo atamngoja hapo hapo, awekewe maji. Imani ilipanda na akanishika bega kwa nguvu.

Wapagazi wa bandari wameanza kuja kutazama. Wanamshangilia mzee mzima akibembeleza kompyuta.

Jumanne, 5 Desemba

Mvua kubwa, ziwa limeingia hadi kwenye ngazi ya jirani. Generose amepokea simu. Tuliongea kuhusu wanafunzi wake, na kuhusu mpunga wa baba yake. Nilimwambia nampenda na kwamba najuta. Alisema anajua, lakini si yeye anayepaswa kuambiwa. Kabla ya kukata aliuliza Wakoro hawajambo.

Nikamsimulia kuhusu Baba Mdogo. Akaniuliza anakuja saa ngapi kila siku. Nikamwambia, bila kujiuliza kwa nini anataka kujua.

Jumatano, 13 Desemba

Leo nimezeeka miaka kumi.

Kibanda kilikuwa kimejaa. Baba Mdogo amesimama mbele ya mashine, amevua kofia, ameishika kifuani. Wakoro walikuwa wamemwambia binti aliolewa na Waselu. Naye, mgongo kwa mlango, akawa anawajibu kwa sauti yake ya kanisani kwamba hapo alipo anatoka kwa Waselu, wamempa chai, na hakuna bibi arusi aliyemwona huko, ni mbuzi tu.

Nikainua macho. Mlangoni, chini ya maji yanayodondoka kwenye bati, amesimama Claude. Claude msemaji, mwenye mikono iliyokunjwa. Ana mfuko wa ndagala, dagaa wa hapa ziwani, mkononi na karatasi moja ya kutoa fotokopi. Nilitaka kusema kitu. Aliweka kidole mdomoni.

Alisikiliza Wakoro wakikataa hadi mwisho. Baba Mdogo aliomba, akasifu, akatania, akaomba upya, na Wakoro mwishowe wakawasha taa zote za meli zao. Wapagazi wakapiga makofi. Nilipotazama mlangoni tena Claude hayupo. Aliiacha ile karatasi juu ya meza. Ilikuwa tupu pande zote mbili, na pembeni, kwa mwandiko ninaoujua wa mwalimu, imeandikwa: "Nilimutuma ndagala."

Jumatatu, 18 Desemba

Mzee Jean-Berchmans ameleta neno. Jumamosi ya mwisho wa mwaka. Sauti yake imerudi yote, lakini baba yake Generose ameomba jambo moja: anayesema awe yule yule wa mara ya kwanza.

Jumapili, 31 Desemba

Jana tulirudi Luberizi. Jua lilikuwa kali na mpunga wote umesimama kijani hadi milimani. Hema lile lile, viti vile vile. Suti imerefushwa mikono kwa kitambaa cha rangi inayokaribiana.

Baba Mdogo alisimama, safari hii hakukimbilia ombi. Aliwasalimu wazee, akawaombea mvua nzuri, akasema mara ya mwisho tulisahau kitu katika nyumba hii na tumerudi kukitafuta. Watu wao wakaanza kutazamana.

Claude akainuka na uso mzito ule ule. Akasema hapa hakuna kilichosahauliwa. Baba Mdogo akajibu kwamba mwenye nyumba hajui vyote vilivyo ndani ya nyumba, amuulize mke wake. Kina mama wa kwao wakaguna kwa furaha. Claude akasema binti ameenda Bukavu kusoma. Baba Mdogo akasema barabara ya Bukavu ina matope, tungeziona nyayo zake. Claude akasema binti ni mvivu, hajui kupika. Baba Mdogo akasema ni heri, kijana wetu naye hajui kufanya kitu chochote isipokuwa fotokopi. Hapo walicheka wote, na mimi nikavumilia.

Kisha Claude akanitazama mimi, akamtazama Baba Mdogo, na nikaona kona ya mdomo wake inacheza. Akasema basi tuambiwe ukweli. Generose hayuko tena duniani humu. Alichukuliwa na watu wa kwenye nyota.

Hilo Mzee Jean-Berchmans hakutufundisha. Baba Mdogo aliangalia viatu vyake. Akainama, akafungua kamba za kiatu kimoja, akakitoa. Akafungua kingine. Akaviweka pamoja chini ya kiti chake, mbele ya watu wote, na soksi zake zimetoboka kidoleni.

"Batu ba ku nyota nabayua bote," akasema. "Mwezi muzima nilikuwa kwabo. Banamukatalia mutoto yangu kila siku, na kila siku minye nabakia. Nimetafuta nyota moja moja, Generose haiko kule. Iko hapa. Na minye viatu nilishatosha, siendi tena."

Sijui nani alianza. Nadhani ni baba yake Generose, ambaye tangu mwezi wa kumi na moja sikuwahi kuona meno yake. Alicheka hadi akapangusa macho kwa kitambaa cha kiti. Claude alimkumbatia Baba Mdogo akiwa bado ana soksi tu. Mlango ukafunguliwa na Generose akatoka akiwa amevaa, akaja moja kwa moja akitazama mikono ya suti yangu.

Mikeke imebaki kwao, pamoja na kapu lake na makasha yote.

Jumanne, 2 Januari

Mvua ndogo, ya kuaga. Generose yuko Kalundu na Claude, wamekuja kupanga siku ya arusi na kina mama. Amepita kibandani akataka kucheza. Aliomba kwa Wakoro njia ya meli zake, na Wakoro, kwa maneno mazuri ya Mutarule, wakamkatalia.

Akavua viatu.